Mbio Ambazo Hazikukimbiwa: Utangulizi wa Elimu ya Majuto

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana wa Kitanzania wa miaka 20 alitoka mbele mara bastola ilipolia, akakaa mbele, akamaliza mbele. Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani iliyokuwa imesimama tangu 1967. Nyuma yake alikuja mwenyeji, John Walker, kwa 3:32.52, naye pia akiwa chini ya rekodi ya zamani. Wa tatu alikuwa Mkenya Ben Jipcho. Mwaka uliofuata Bayi akaichukua na rekodi ya maili, na miezi mitatu haijatimia Walker akamnyang'anya. Wapenzi wa riadha wakawa wanasubiri jambo moja tu: Olimpiki ya Montreal, 1976, wawili hao wapimane.

Hawakupimana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu katika mwaka uleule wa mauaji ya Soweto. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa kuiondoa New Zealand michezoni, na zaidi ya nchi 20 za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zikasusia. Walker alitwaa dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17.

Wanafunzi nikiwapa takwimu hizo hufanya hesabu papo hapo: 3:39 ukitoa 3:32, sekunde saba, dhahabu ya Bayi. Ni hesabu ya haraka, tena mbovu, na atakayeona ubovu wake uko wapi ameshaingia katika elimu hii bila kubisha hodi. Fainali ya Montreal ilikwenda polepole kwa sababu ilikimbiwa kwa kuviziana. Bayi angekuwepo angeongoza tangu mwanzo, kama kawaida yake, na Walker angekimbia mbio nyingine kabisa. Zaidi ya hayo, Bayi alikuwa ameugua malaria muda mfupi kabla ya michezo hiyo. Hili la malaria watu huliacha nje. Katika Montreal tunayoijenga kichwani, Bayi ni yule wa Christchurch, mzima, mguu mwepesi, wala hakuna mbu aliyemgusa.

Ningependa msomaji aingie na jambo hilo moja mkononi, maana karibu kila kitu kitakachofuata kinalizunguka. Maisha tuliyoyaishi tunayajua pamoja na homa zake, madeni yake na siku zake za mvua. Yale tuliyoyakosa tunayatunga wenyewe, na tukiyatunga tunayasafisha. Kisha tunayaweka mawili hayo kwenye mizani moja na kushangaa kwa nini ya kwanza yanaonekana duni.

Wanaoingia darasa hili kwa mara ya kwanza hudhani tutafundishana namna ya kutojuta. Hapana. Wanaouza vitabu vya aina hiyo wapo, na wanauza vizuri. Sisi tunauliza mambo mengine: binadamu anajuta nini, lini, kwa kulinganisha na nini, na ni nani mwenye haki ya kujuta. Elimu hii haina nyumba moja. Utawakuta ndani yake wanasaikolojia, wachumi, wanafalsafa, madaktari wa ubongo, masheikh na washairi, na mara nyingi hawasomani.

Wachumi nitawapitia upesi. Friedrich von Wieser wa Austria, mwishoni mwa karne ya 19, alisisitiza kwamba gharama halisi ya kitu ni kile kingine bora ulichokiacha ili ukipate. Ekari iliyopandwa mahindi ni ekari isiyo na alizeti, hata mahindi yastawi vipi. Hiyo ndiyo gharama ya fursa, na hakuna daftari la duka linaloiandika. Linalotoka hapo wachumi hawakai nalo, lakini kwetu ni la msingi: kama kila uchaguzi una gharama hiyo, basi hajazaliwa mtu aliyeishi bila kukosa. Aliyebaki Tanga hakuishi Muscat, na aliyekwenda Muscat hakumzika mama yake Tanga. Werevu haumwokoi mtu na hilo, wala mali.

Walioligeuza jambo hili kuwa sayansi ya majaribio ni wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky. Mwaka 1979 walionyesha kwamba binadamu hapimi faida na hasara kwa kipimo kimoja. Kupoteza huuma zaidi kuliko kupata kunavyofurahisha, na makadirio yao ya baadaye yaliuweka uzito wa hasara kwenye zaidi kidogo ya mara mbili ya faida. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki 1996, na Nobel haipewi marehemu. Kwa watu waliochunguza mambo yaliyobakia kidogo yatokee, ni mwisho wenye kejeli yake.

Kisa chao ninachokipenda ni cha mwaka 1982. Watu wawili wanatoka mjini kwa gari moja kwenda uwanja wa ndege, kila mmoja na safari yake, muda wa kuondoka ni uleule. Foleni inawafikisha nusu saa baada ya muda huo. Wa kwanza anaambiwa ndege yake iliondoka kwa wakati. Wa pili anaambiwa yake ilichelewa, imeruka dakika tano zilizopita. Nani ameumia zaidi? Karibu kila aliyeulizwa alisema wa pili. Lakini ziangalie hali zao: wote wamekosa ndege, wote walishakata tamaa walipokuwa kwenye foleni, na hakuna aliyekosea kuliko mwenzake. Tofauti iko katika urahisi wa kutunga. Wa pili anaweza kuipata ndege yake kwa kufuta taa moja tu ya barabarani kwenye kumbukumbu yake. Wa kwanza lazima afute taa nyingi mno, na akili huchoka mapema.

Ndiyo maana jukwaa la washindi ni maabara nzuri. Mwaka 1995 Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich walichapisha utafiti uliotumia picha za televisheni za Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Waliwaomba watazamaji wapime furaha ya wanamichezo kwa kipimo cha 1 hadi 10, mara tu baada ya matokeo. Washindi wa fedha walipata wastani wa 4.8, wa shaba 7.1. Wa pili alikuwa anatazama juu, kwenye dhahabu iliyomponyoka. Wa tatu alikuwa anatazama chini, kwa wale walioondoka mikono mitupu. Utafiti huu umekosolewa, na ni vizuri msomaji ajue mapema kwamba humu ndani hakuna tokeo lisilo na mpinzani. Katika judo na mieleka mshindi wa shaba hushinda pambano lake la mwisho, na wa fedha hupoteza lake, kwa hiyo huenda nyuso zile zilionyesha tu nani katoka kushinda na nani katoka kushindwa. Wengine wakarudia upimaji kwa picha za Athens 2004, na mjadala bado haujafungwa. Mimi naona yote mawili ni kweli kwa viwango tofauti, lakini hilo ni la sura nyingine.

Suala linalozusha ubishi mkubwa kuliko yote ni hili: tunajuta zaidi tulichofanya au tulichoacha kufanya? Wahenga wetu waliliona mapema, wakaacha wosia unaogombana wenyewe kwa wenyewe. Haraka haraka haina baraka, wanasema; kisha wanageuka, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kahneman na Tversky walipata kwamba tendo huuma kuliko kutotenda: aliyehamisha hisa zake akapata hasara hudhaniwa kuumia zaidi kuliko aliyeziacha palepale akapata hasara ileile. Katika miaka ya 1990 Gilovich na Medvec wakasema ndiyo, lakini subirini. Muulize mtu kuhusu wiki iliyopita, atakutajia alichofanya. Muulize mzee kuhusu maisha yake yote, atakutajia asichofanya: shule aliyoiacha, mtu ambaye hakumposa, baba ambaye hakumsamehe wakati yu hai.

Kwa nini muda ugeuze mambo? Sababu moja ni kwamba tendo baya huwa lina mahali pa kulishika: unaomba radhi, unalipa deni, unatoa talaka, unahama mtaa. Ambacho hakikutokea hakirekebishiki. Sababu ya pili ina kina zaidi. Kilichotuzuia wakati ule kilikuwa hofu, au ufukara, au heshima kwa wazazi, na mambo hayo yalikuwa mazito kweli siku zile. Miaka ikipita, hofu inachakaa kuliko fursa yenyewe. Mzee wa miaka 70 haikumbuki tena vizuri hofu ya kijana wa miaka 22, kwa hiyo anamhukumu kijana huyo kana kwamba hakuwa na sababu. Malaria imeshafutwa tena. Kahneman hakukubali kwa urahisi. Alisema maumivu ya waliyoyafanya ni makali kama ya moto, ya wasiyoyafanya ni huzuni ya kutamani tu, si vitu vya kupimwa pamoja. Mwaka 1998 wapinzani hao walikaa wakaandika makala kwa pamoja, wakakubaliana kwamba ni maumivu ya aina tofauti. Wanataaluma wangekuwa wanamalizana hivyo mara nyingi zaidi, vikao vyetu vingekuwa vifupi.

Sasa niwatahadharishe kuhusu wale wanaosifu maisha bila majuto. Mwaka 2004 timu ya watafiti nchini Ufaransa iliwapa watu mchezo wa kubahatisha wenye magurudumu mawili. Unachagua moja, kisha unaonyeshwa na lile lingine lingekupa nini. Watu wenye afya waliumia walipoona gurudumu waliloliacha lingewapa zaidi, na katika raundi zilizofuata wakaanza kuchagua kwa kujihadhari na maumivu hayo. Wagonjwa walioumia sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, juu ya macho, walifurahia walichopata na kuchukia walichopoteza kama sisi sote. Lakini gurudumu la pili halikuwahusu. Hawakujuta, wala hawakujifunza. Kwa hiyo anayetamani kuondolewa majuto moja kwa moja ajue kwamba dawa hiyo ipo, na ni jeraha la ubongo.

Hapo msomaji Mwislamu atanikumbusha hadithi mashuhuri iliyomo katika mkusanyiko wa Imam Muslim, inayomkataza muumini, akipatwa na jambo, kusema lau ningefanya vile ingekuwa hivi, kwa kuwa neno hilo humfungulia shetani kazi yake. Je, masheikh na maabara wanapingana? Sidhani. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba kinachokatazwa ni ile lau ya kugombana na kilichokwisha kadiriwa, inayomzungusha mtu palepale usiku kucha. Ile ya kujipangia kesho haimo. Wanasaikolojia wamefika mahali karibu na hapo kwa njia ndefu. Wanatofautisha fikra inayozaa mpango na ile inayorudiarudia jeraha, na hii ya pili imeonekana kuandamana na sonona. Kazi ngumu, ambayo hakuna upande ulioimaliza, ni kumsaidia mtu ajue saa tisa za usiku yuko katika ipi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila aliyekosa alichagua. Hapo ndipo vitabu vingi vya taaluma hii vinapoanza kupwaya vikisomwa huku kwetu. Bayi hakuchagua kukosa Montreal. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 katika siku 81, za mita 3,000, 5,000, 10,000 na 3,000 kuruka viunzi na maji, na bado hakukimbia Olimpiki hata moja: 1976 Kenya ilisusia pamoja na Afrika, 1980 ikaisusia Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuivamia Afghanistan. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi alirudi na fedha ya kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui na fedha ya mita 5,000, na hadi Michezo ya Paris ya 2024 hizo zilikuwa bado ndizo medali pekee za Olimpiki za nchi hiyo. Mpaka mmoja, miaka minne, hatima mbili, na hakuna mkimbiaji aliyeulizwa.

Utafiti wa Neal Roese na Amy Summerville wa mwaka 2005 ulikusanya tafiti za Marekani na kuona kwamba jambo linaloongoza katika majuto ya Wamarekani ni elimu. Maelezo yao ni kwamba majuto hudumu pale ambapo mlango bado uko wazi. Mmarekani anaweza kurudi chuo akiwa na miaka 50, basi dhamiri haimwachi. Maelezo mazuri. Sasa yachukue umpelekee bibi ambaye ada ilitosha mtoto mmoja, akapelekwa kaka yake. Mlango wake ulifungwa na wengine, mapema, na kwa nia wasiyoiona kuwa mbaya. Anachobeba ni nini? Watafiti hutenganisha majuto, yanayohitaji mkono wako mwenyewe katika jambo, na uchungu wa kuvunjwa matarajio, unaokuja kutoka nje. Yeye hayumo sawasawa katika lolote kati ya hayo, na wala si peke yake. Nadhani ni nusu ya mtaa.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams anatusaidia hapa kuliko wengi. Katika makala ya mwaka 1965 alidai kwamba wajibu wa aina mbili ukigongana, kutimiza ule mzito zaidi hakuufuti mwingine. Unabaki, unadai. Naamini kususia Montreal kulikuwa uamuzi sahihi. Ubaguzi wa rangi haukuangushwa kwa maneno matamu. Naamini pia kwamba vijana kadhaa walilipa sehemu ya bili hiyo kwa miguu yao, katika miaka ambayo mwili wa mkimbiaji hauirudii. La kwanza halilipunguzi la pili. Wanaotaka kila uamuzi mwema uwe hauna aliyeumia wanaomba kitu ambacho siasa haina, wala ndoa haina.

Kuna kona moja ya uwanja huu ambayo ni changa na inanivutia kuliko nyingine. Mila na dini zetu zimeyapangia mauti ratiba: kuna matanga na kuyaanua, kuna hitima, kuna arobaini, na mjane wa Kiislamu ana edda yake ya miezi minne na siku kumi. Jamii inajua lini ikae na mfiwa na lini imwache asimame. Lakini mtu aliyekosa mtoto miaka yote ya ndoa, au aliyefukuzwa kazi ya maisha yake, au aliyesubiri mchumba aliyekwenda Ughaibuni akaoa huko, nani atamtandikia mkeka? Mmarekani Kenneth Doka, mwaka 1989, aliandika kuhusu huzuni za namna hii ambazo jamii haizitambui kuwa ni msiba. Mwenzake Pauline Boss, aliyeanza miaka ya 1970 na familia za askari waliopotea Vietnam, alichunguza upotevu usio na uhakika, pale ambapo hakuna mwili. Yaliyotokea Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu na familia nyingi zisipate wa kumzika, yanaweza kusomwa kwa jicho hilo, na kwa Kiswahili kazi hiyo haijafanywa kama inavyostahili.

Si kwamba pwani yetu haina urithi wa kuanzia. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa Pate ilipokuwa imekwisha kuanguka kutoka utajiri wake, ni utenzi wa mshairi anayeuhoji moyo wake mwenyewe mbele ya majumba yaliyobaki magofu. Shuleni tunaisoma kama mawaidha ya kuidharau dunia, na ni kweli. Ila mtu hawezi kuyaeleza majumba kwa undani ule bila kuyapenda, na ningefurahi siku moja kumwona mwanafunzi akiisoma kama andiko la huzuni, mapenzi na karipio vikiwa vimekaa katika ubeti mmoja.

Kwa anayetaka kuanza leo, vifaa si ghali: daftari na wazee wa mtaani. Sehemu kubwa ya tunachokijua imetoka kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya, waliojuta mbele ya kompyuta kwa malipo madogo. Hatujui vya kutosha majuto yanakaaje pale ambapo uamuzi wa kuoa, kuuza shamba au kwenda Ghuba hufanywa na kikao cha ukoo. Usimuulize mtu, "Unajuta nini?" Hilo ni swali la polisi. Muulize kazi aliyotaka kuifanya akiwa kijana, na nani mwingine aliitaka, na ilikuwaje. Muulize pia siku zile alikuwa anaogopa nini, maana asipoulizwa hatalitaja. Wengi watakujibu kwanza kwamba wanamshukuru Mungu, hawana la kujutia. Wanafunzi wangu huvuka jibu hilo wakidhani ni adabu tu, wakakimbilia swali linalofuata. Liandikwe neno kwa neno, pamoja na muda aliokaa kimya kabla ya kulitoa, kisha amiminiwe chai nyingine.